Kipimo cha moshi Kigali: kuzima taa ya injini si kutengeneza gari

Tangu mwishoni mwa Agosti 2025, upimaji wa moshi ni sharti la lazima kwa vyombo vya moto nchini Rwanda. Mwenye gari anayefika katika kituo cha ukaguzi cha Remera, jijini Kigali, hana budi kusubiri kipimo kiingizwe katika bomba la moshi huku injini ikinguruma, na jibu hutoka kwa tarakimu. Kampeni iliyotangulia zoezi hilo, iliyoendeshwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya nchi hiyo, REMA, ilipewa jina la Kinyarwanda la Tunoze Umwuka. Msingi wake wa kisheria ni wa zamani kidogo: ni sheria ya mwaka 2016 ya kulinda ubora wa hewa na kuzuia uchafuzi wake.

Kwa msikilizaji wa Uganda habari hii inaweza kuonekana kuwa ya jirani tu. Sivyo. Magari yanayopimwa Kigali ni ndugu wa haya yanayopita Kampala, Mbarara na Kabale: mengi yamenunuliwa yakiwa yamekwishatumika Japani, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam, yakapandishwa nyanda za juu kwa barabara. Mpaka wa Katuna, uliofungwa Februari 2019, ulifunguliwa tena Januari 2022, na malori yanayopita hapo hunywa dizeli ya kiwango kimoja pande zote mbili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikwisha kukubaliana tangu mwaka 2015 kupunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta yakawa safi zaidi. Injini zikabaki zilivyokuwa.

Mjadala mwingi kuhusu hatua ya Kigali umehusu mashine za kupimia, ada na ratiba. Jambo lenye uzito zaidi limeachwa pembeni, nalo ni gereji. Mashine ya Remera inaweza kumwambia dereva kwamba moshi wake umezidi kiwango. Haiwezi kumwambia ni kwa nini. Jibu hilo hutolewa chini ya mti au ndani ya kibanda cha mabati, na fundi ambaye mara nyingi hajapata kufundishwa kusoma kile ambacho kompyuta ya gari inajaribu kumweleza.

Umri wa gari na moshi wake

Kwa miaka mingi serikali za ukanda huu zimepambana na moshi kwa kutazama kalenda. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, iliweka ukomo wa miaka 15, pamoja na ushuru wa mazingira kwa magari makuukuu. Njia hiyo ina wepesi wake: afisa wa forodha anahitaji hati, hahitaji mashine. Lakini umri si moshi. Gari la miaka 18 lililotunzwa vema linaweza kutoa hewa iliyo safi kuliko la miaka 9 ambalo mwenyewe aliling'oa kifaa cha kusafishia moshi na kukiuza. Kwa hiyo Kigali, kwa kupima kile kinachotoka katika bomba lenyewe, imechagua njia iliyo ya haki zaidi. Vilevile imechagua njia inayodai ujuzi mwingi zaidi.

Uganda ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Katikati ya muongo uliopita ukaguzi wa lazima wa magari ulianzishwa kwa mkataba na kampuni ya kigeni. Zoezi hilo liliishia katika mabishano makali na hatimaye likasitishwa. Wengi walilalamikia ada na umiliki wa vituo. Wachache waliuliza swali la kawaida la mtu aliyeshindwa mtihani: nikitoka hapa, niende kwa nani?

Taa ile ya manjano

Karibu kila dereva anaifahamu taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini katika dashibodi. Wengine wamekaa nayo miaka, kama mgeni aliyezoeleka nyumbani. Wengine huifunika kwa kipande cha gundi ya plasta.

Taa hiyo ni matokeo ya sheria za hewa safi. Nchini Marekani magari yote madogo ya kuanzia toleo la mwaka 1996 yalitakiwa kuwa na mfumo wa kompyuta unaojichunguza na kutunza misimbo ya hitilafu. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Lengo halikuwa kumsaidia fundi bali kulinda hewa: taa iwake pale hitilafu inapoweza kuongeza moshi mchafu. Ndiyo maana taa inaweza kuwaka na gari likaendelea kwenda vizuri, na dereva akadhani imekosea.

Ndani ya injini kuna vihisi kadhaa, ambavyo mafundi wetu huviita sensa. Kimoja hupima hewa inayoingia, kingine joto la maji, kingine oksijeni iliyobaki katika moshi. Kompyuta hutumia taarifa hizo kusawazisha mchanganyiko, ambao kwa petroli unakaribia sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta kwa uzito. Petroli ikizidi, kaboni monoksidi hupanda. Hewa ikizidi, mwako hukosa nguvu, na oksidi za naitrojeni au petroli isiyoungua hutoka nje. Kihisi cha oksijeni ndicho mlinzi wa mizani hiyo. Kikiwa kizima, volteji yake hupanda na kushuka bila kutulia, kati ya takriban 0.1 na 0.9. Kikichoka hutulia, na utulivu huo ndio ugonjwa wenyewe.

Kompyuta inapoona jambo lisilo la kawaida, huandika msimbo. Mafundi husema kodi, neno ambalo kwa bahati mbaya ndilo pia jina la kile tunacholipa serikalini, na labda ndiyo sababu dereva hulisikia kwa hofu. Makosa makubwa huanzia hapa. Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. Hueleza kile ambacho kompyuta imekiona.

Tuchukue msimbo P0171, ambao hujitokeza mara kwa mara. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi. Aliyeripoti hali hiyo ni kihisi cha oksijeni, na fundi mwenye haraka humhukumu mleta habari: hukibadilisha kihisi, hufuta msimbo, taa huzimika, mteja hulipa. Baada ya siku tatu taa imerudi. Chanzo huenda kilikuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, au waya mwembamba wa kihisi cha hewa uliofunikwa na vumbi la barabara ya murram, au pampu ya petroli iliyochoka, au tundu dogo katika bomba la moshi linaloingiza hewa ya nje kabla ya kihisi. Mpira wa hewa ni kitu cha bei ndogo sana kikilinganishwa na kihisi kipya. Lakini ili kuupata ulipopasuka inabidi mtu atazame, asikilize, na atumie muda. Katika gereji zetu muda wa kufikiri haulipwi. Kinacholipwa ni kipuri kilichobadilishwa.

Mfano wa pili ni wa kwetu kabisa. Fundi wengi wa ukanda huu huondoa themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke kwenye redieta kabla injini haijapata joto. Sababu wanayotoa ni kwamba nchi yetu ni ya joto na vali hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya na Japani. Hoja hiyo inavutia lakini si sahihi, na katika Kigali iliyo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, au Kabale ambako asubuhi watu huvaa makoti, ni kosa zaidi. Injini isiyo na themostati huenda kwa muda mrefu bila kufikia joto lake la kazi, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 80 na 95. Kompyuta huamini kwamba gari limewashwa sasa hivi tu, ikaendelea kumimina petroli ya ziada. Huandika msimbo P0128. Dereva hulalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Mashine ya Remera ingeona kaboni monoksidi iliyopanda. Kipuri kilichotupwa ili kuliokoa gari ndicho kinachoweza kuliangusha katika mtihani.

Gari linalosema Kijapani

Kuna kikwazo kingine ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Vifaa vidogo vya kusomea misimbo sasa vinauzwa kwa bei nafuu, vingine huunganishwa na simu. Fundi kijana akinunua kimoja hudhani kwamba amepata ufunguo wa kila mlango. Kisha hukutana na gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani kabla ya mwisho wa miaka ya 2000. Tundu la kuunganishia ni lile lile la pini 16, lakini mengi ya magari hayo hayazungumzi lugha ya kimataifa ya kifaa chake. Kifaa husema hakuna mawasiliano. Fundi humwambia mteja kwamba kompyuta ya gari imekufa.

Haikufa. Mafundi wazee wa Toyota wanafahamu njia ya zamani: kuunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kuwasha swichi bila kuwasha injini, na kuhesabu jinsi taa inavyopepesa. Mipepeso miwili, kituo kifupi, kisha mmoja, ni namba 21, yaani mzunguko wa kihisi cha oksijeni. Namba 22 ni kihisi cha joto la maji. Elimu hii ipo mitaani, imehifadhiwa vichwani mwa watu wachache wenye mvi, na haijaandikwa popote ambapo kijana wa leo angeisoma kwa Kiswahili, Kiganda au Kinyarwanda. Nchi inayoanzisha kipimo cha moshi huku magari yake mengi yakiwa ya aina hii ina haja ya kuikusanya elimu hiyo kabla ya kununua mashine nyingine.

Kuidanganya kompyuta

Pale ambapo mtihani upo, hila hufuata. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yenye ukaguzi hayaweki tena kipimo katika bomba la magari mapya bali huunganisha waya na kusoma kompyuta, hila ya kwanza ilikuwa kufuta misimbo asubuhi ya ukaguzi. Wahandisi walikuwa wamelitazamia hilo. Misimbo inapofutwa, kompyuta hupoteza pia matokeo ya majaribio yake ya ndani, na hutangaza wazi kwamba bado haijajichunguza upya. Ili ikamilishe, gari lazima liwashwe likiwa limepoa, liende mjini na barabara kuu kwa mwendo tofauti, pengine kwa siku kadhaa. Kwa magari ya toleo la 2001 na kuendelea, mwongozo wa serikali kuu ya Marekani huruhusu jaribio moja tu liwe halijakamilika. Kwa yale ya 1996 hadi 2000, mawili. Zaidi ya hapo gari hurudishwa. California ilikaza zaidi: tangu Julai 2019 hutazama pia misimbo ya kudumu, ambayo kifaa cha fundi hakiwezi kuifuta. Hufutika pale tu kompyuta yenyewe inapojiridhisha kwamba tatizo limeisha.

Kigali haitegemei njia hiyo, na kwa aina ya magari yaliyopo ni vema. Kipimo cha bomba hakijali kama taa imewaka au imezimwa. Lakini kwa sababu hiyohiyo, hila iliyozoeleka katika gereji zetu haina faida mbele yake. Tuitazame kwa karibu, maana inawagharimu watu fedha.

Kifaa cha kusafisha moshi, ambacho mafundi hukiita katalisti, kina umbo la sega la nyuki lililopakwa madini ya platini, paladi na rodi. Madini hayo yana thamani kubwa, na wanunuzi wapo. Baadhi ya magari hufika kwetu kifaa kikiwa kimekwisha kung'olewa. Mengine hung'olewa hapa, kwa kisingizio kwamba kinazuia nguvu. Kompyuta, ambayo ina kihisi kimoja mbele ya kifaa na kingine nyuma yake, hugundua kwamba vihisi viwili sasa vinasema jambo moja, na huandika P0420. Fundi mjanja huchonga kipande cha chuma chenye tundu jembamba, hukiweka chini ya kihisi cha nyuma, na kukisogeza mbali na mkondo wa moshi. Kihisi hunusa kidogo tu, kompyuta hutulia, taa huzimika. Mteja hufurahi. Mashine ya kupima moshi haidanganyiki kwa kipande cha chuma.

Ikumbukwe pia kwamba P0420 mara nyingine ni matokeo, si chanzo. Plagi iliyochoka au koili yenye ufa huruhusu petroli isiyoungua ipite hadi kwenye katalisti, ambako huungua na kuyeyusha sega lile. Mtu akibadilisha katalisti bila kutibu plagi, atakuwa amenunua kifaa cha pili ili nacho kiungue. Ndiyo maana fundi makini husoma misimbo yote, huiandika kwenye karatasi pamoja na kumbukumbu ambayo kompyuta hutunza ya joto, mwendo na mzigo wa injini wakati hitilafu ilipotokea, na huanza na ile ya mwako kabla ya ile ya moshi. Anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amechoma barua kabla ya kuisoma.

Kwa magari ya dizeli mambo ni tofauti kidogo, na kwa malori ya njia ya Katuna ndiyo muhimu zaidi. Hapo hupimwa weusi wa moshi injini inapokanyagwa. Chujio la hewa lililoziba, nozeli zinazomwaga badala ya kupuliza, na mpira wa tabo unaovuja hutosha kuligeuza lori zima kuwa tanuri. Mengi ya haya hayahitaji kompyuta hata kidogo.

Kinachosubiriwa Kampala

Hewa ya Kampala imekuwa ikipimwa kwa miaka kadhaa na vifaa vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, na chembechembe ndogo zinazopatikana huzidi mara kadhaa kiwango cha mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Magari si chanzo pekee. Mkaa wa jikoni, takataka zinazochomwa na vumbi vina sehemu yao. Lakini muuza ndizi anayekaa saa kumi kando ya barabara hapumui wastani wa jiji. Hupumua kile kinachotoka katika bomba lililo usawa wa kifua chake.

Kwa upande wa pikipiki Rwanda imekwenda hatua ya ziada: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria jijini Kigali, za umeme tu ndizo hukubaliwa. Njia hiyo inaepuka swali la gereji kwa kuiondoa injini yenyewe. Kwa magari ya familia, taksi na malori, njia hiyo ya mkato haipo kwa sasa.

Kwa hiyo ikiwa Uganda itarudi kwenye ukaguzi wa lazima, na shinikizo la kufanya hivyo linaongezeka, kuna uchaguzi ambao Kigali inautanguliza mbele yetu. Inawezekana kununua mashine, kuweka ada, na kumwachia dereva wa taksi abahatishe: kihisi kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao, kila kimoja kikila faida ya wiki, na moshi ukibaki vilevile. Inawezekana pia karatasi ya mtu aliyeshindwa ieleze zaidi ya neno moja. Mashine huona kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na uwiano wa hewa kila kimoja peke yake. Fundi akipewa tarakimu hizo tatu, nusu ya uchunguzi imekwisha fanyika. Kaboni monoksidi ya juu na petroli iliyozidi humwelekeza kwenye themostati, kihisi cha joto au nozeli inayovuja. Petroli isiyoungua ikiwa nyingi huku kaboni monoksidi ikiwa ya kawaida humwelekeza kwenye plagi. Gharama ya kuchapisha mistari hiyo ni wino.

Vyuo vya ufundi navyo vina nafasi, ingawa havipaswi kusubiriwa. Mafunzo ya siku chache ya kutumia mita ya umeme, kusoma kihisi cha oksijeni kikiwa kinafanya kazi, na kutafuta uvujaji wa hewa yangewafikia mafundi wengi zaidi kuliko diploma ya miaka miwili. Na yatolewe katika lugha ambayo fundi hubishania bei kwayo.

Kwa sasa, anayetaka kujua hali halisi anaweza kutembelea soko la Kisekka, katikati ya Kampala. Vihisi vya oksijeni vilivyotumika huuzwa huko kama vipuri vingine vyote vya mkono wa pili, nyaya zimekatwa kwa kisu, masizi yakiwa bado kwenye ncha. Mnunuzi hukigeuza mkononi, hukipuliza, hukilinganisha na kile cha zamani kwa macho. Kwa macho, kihisi kizima na kilichokufa hufanana kabisa.